Glasi imevunjika: usikimbilie ufagio

Glasi ikianguka sebuleni, kinachofuata huwa ni kelele. "Nani huyo?" mama anauliza kutoka jikoni, na mtoto aliyeivunja anatimua mbio peku juu ya vipande vilevile, akikimbia kofi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mdomo: usifoke. Mtoto anayeogopa kuchapwa atakimbia, au atafanya baya zaidi, avikusanye vipande kwa viganja na kuvisukumia uvunguni kabla hujafika. Mwambie kwa sauti ya kawaida, "Simama hapohapo, usisogee, nakuja kukutoa." Hesabu ya glasi itafanywa baadaye.

Mwongozo huu ni wa nyumba kama nyingi zetu, ambamo viatu huachwa mlangoni, watu hukaa mkekani na ufagio ni wa chelewa. Mashine ya kufyonza vumbi naitaja hapa mara moja tu: wengi hatuna, na aliye nayo ajue kwamba vipande hukata mfuko wake wa ndani na kukwama kwenye mpira wake, kisha vikamwagika siku nyingine, chumba kingine. Ninachotaka ukishike ni kwamba kioo kilichovunjika hupita mikono mingi kabla hatari yake haijaisha: mkono wako, wa atakayedeki baada yako, wa anayetoa taka asubuhi, wa anayepakia gari la taka, wa anayechambua chupa jalalani. Tutakifuata mpaka huko.

Hatua ya 1: Watoe watu

Ukiwa wewe ndiye uliyevunja na uko peku, usirudi nyuma. Mwili wenyewe hutaka kurudi nyuma, na huko ndiko usikoona. Simama, tazama miguu yako, mwite mtu akusogezee viatu kwa mti wa ufagio. Kama uko peke yako, chukua kilicho karibu na mkono wako (mto wa kochi, boksi, taulo lililokunjwa mara nne), kitandike mbele yako na ukanyage juu yake kwa kushusha mguu wima. Usiuburuze.

Watoto, wazee wasioona vizuri na paka watoke, mlango ufungwe. Mtoto anayetambaa abebwe, na kabla hujamweka chini chumba cha pili mkague nguo, magoti na viganja. Glasi ikianguka kutoka kimo cha meza kwenye vigae au saruji, chenga zake huruka mita kadhaa, kwa hiyo chumba kizima kihesabu kuwa kina kioo hata kama rundo liko kona moja. Ikiwa ni jikoni, zima gesi na ufunike sufuria zilizo wazi, ingawa chakula kilichokuwa wazi wakati glasi inapasuka tutakizungumzia peke yake.

Nyumbani kukiwa na mtu aliyeishi na kisukari miaka mingi, mpe uangalizi wa pekee. Ugonjwa huo huweza kuua hisia za nyayo, na mtu anaweza kutembea na kipande mguuni kutwa nzima bila kujua, mpaka kidonda kimetunga usaha. Mtazame nyayo kwa macho yako. Kumuuliza tu kama amechomwa hakutoshi.

Umeme ukiwa umekatika na huna tochi ya maana, funga mlango mpaka upate mwanga. Kusafisha kioo kwa mshumaa ni kupapasa.

Hatua ya 2: Valia kazi

Viatu vya kufunika mguu, soli ngumu. Gambuti, raba, viatu vya shule, chochote kati ya hivyo. Kandambili hazifai: kipande cha chupa kilichosimama wima hupenya soli yake, na pembeni vidole viko wazi. Mikononi, glavu nene za ngozi au zile za bustani. Glavu nyembamba za plastiki hazizuii kioo, zinakupa ujasiri tu. Usipokuwa na glavu nene, basi usishike kwa vidole kabisa. Tumia koleo la jikoni na maboksi kama nitakavyoeleza.

Na neno moja kuhusu nani asafishe. Nyumba nyingi kazi hii humwangukia dada wa kazi, naye huokota kwa vidole vitupu huku wenye nyumba wakiendelea na tamthilia. Kama huna viatu na glavu vya kumpa, vaa vyako usafishe mwenyewe.

Hatua ya 3: Vipande vinavyoonekana

Tafuta kwanza chombo kigumu cha kuvitia: kopo la maziwa ya unga, kopo la rangi, galoni lililokatwa juu, boksi nene. Kilete chombo pale kioo kilipo. Anayebeba vipande mkononi kuvuka chumba kuelekea pipa hudondosha vingine njiani, au hujikwaa navyo.

Anza na vikubwa. Vichukue kimoja kimoja kwa koleo au kwa mkono wenye glavu, ukishika bapa la kipande, mbali na ukingo. Kuwa mwangalifu na kitako cha glasi: hukaa chini kwa utulivu huku meno yake yakitazama juu, na ndicho kipande ambacho watu hukidaka kwa kiganja wakidhani ni salama kwa kuwa kizito.

Vikiisha vikubwa, usichukue ufagio bado. Chelewa zina mnyumbuko; zikiguswa na sakafu hujikunja na kufyatuka, na kila ukifyatua unarusha chenga mbali zaidi ya zilipokuwa. Ufagio laini wa ndani una kasoro nyingine: huficha vipande kati ya nyuzi zake, kisha kesho unavisambaza chumbani kwa kulala. Mimi napenda vipande viwili vya boksi gumu, vyenye upana wa kiganja na nusu. Kimoja kisukume, kingine kipokee. Vikimaliza kazi vinaingia kwenye kopo pamoja na kioo, na hakuna chombo cha kusafisha tena. Kama sakafu ni kubwa na ufagio hauepukiki, tumia laini, fagia kwa mikwaju mifupi ya kubonyeza, kisha ufagio huo uoshwe uani kwa maji mengi, au utupwe ikiwa umechakaa.

Elekea katikati. Yaani anzia ukutani na nyuma ya mlango, vilikofika vipande vya mbali, uje navyo kwenye rundo. Ukianzia kwenye rundo ukatoka nje utakuwa unakanyaga usichokiona.

Hatua ya 4: Chenga

Wazee wa Pwani glasi ikivunjika husema shari imeondoka. Haya, shari iende, lakini chenga zimebaki, na hizo ndizo hukata watu siku tatu baadaye, wakati kila mtu ameshasahau.

Zima taa kubwa na ufunge mapazia, hata kama ni mchana. Washa tochi ya simu, ilaze karibu kabisa na sakafu ili mwanga utambae chini, na wewe uchutame uangalie kwa usawa huohuo. Chenga zitametameta. Kisha nenda upande wa pili wa chumba urudie, kwa sababu kioo humeta pale tu uso wake unapokabili mwanga. Kilichojificha ukiwa huku kitaonekana ukiwa kule. Usisahau chini ya friji, kwenye reli ya mlango wa kuteleza, kwenye mapengo ya vigae na miguuni mwa kochi.

Sasa zinyanyue. Gazeti au karatasi ya chooni iliyolowa na kukunjwa nene hufanya kazi vizuri sana: bandika, bonyeza kidogo, inua, geuza upande mwingine. Donge la unga wa ngano uliokandwa linanata zaidi na linaingia kwenye nyufa za saruji. Slesi ya mkate nayo inafaa, ila mkate una bei. Selotepu pana inafaa kwenye sehemu kavu na laini. Chochote utakachotumia, bandika na kuinua. Ukisugua, chenga zinapenya kidoleni au zinakwaruza kigae. Na donge au mkate huo uutie ndani ya kopo palepale. Ukiuacha mezani, kuna mtoto, kuna kuku, kuna panya.

Kudeki kuje mwisho, mara moja, kwa tambara ambalo uko tayari kulitupa. Hapa kuna mtego: wapo watu ambao hukatika wakikamua. Tambara limeokota chenga, mtu analitia ndooni, analisokota kwa mikono miwili kwa nguvu zake zote. Usilikamue. Lilowanishe, pitisha, litupe. Maji ya ndoo yamwage polepole mahali pasipopitwa peku; chenga hukaa chini ya ndoo, basi yale ya mwisho yapitishe kwenye kitambaa kikuukuu na utupe kitambaa.

Kabla hujatoka, simama kwenye boksi ufute soli za viatu vyako kwa gazeti bichi. Kisha kagua pindo la kanga au suruali.

Palipo na mkeka, zulia, kitanda au udongo

Mkeka una kazi. Chenga huingia kati ya ukili na hazitoki kwa kufagiwa, kwa hiyo ukunje ukielekeza uso ndani, utoe uani, uuning'inize ukiwa umegeuzwa uso chini na kuupiga mgongoni kwa fimbo. Ukague kwa tochi, ubandike selotepu palipopigwa na glasi. Zulia dogo vivyo hivyo. Zulia kubwa lililokatwa kufuata chumba halitoki, kwa hiyo ni selotepu na donge, hatua kwa hatua, na kwa siku kadhaa watu wavae viatu hapo.

Glasi ikivunjika kitandani, usikung'ute shuka chumbani. Ikunje ndani kwa ndani kutoka pembe nne na uikung'ute nje. Chandarua nacho kikague, kwa sababu pindo lake lililochomekwa chini ya godoro hukusanya.

Nyumba ya sakafu ya udongo au uwanja wa mchanga haina haja ya donge wala karatasi. Kwangua tabaka la juu kwa jembe au beleshi, pana kuliko unavyodhani inahitajika, lipitishe kwenye chekeche, na kitakachobaki juu ya chekeche ndicho kioo chako. Kisha fukia palipokwanguliwa kwa mchanga mpya.

Vioo vyenye tabia zake

*Beseni la vyombo.* Povu huficha kila kitu. Ukisikia "kach" ndani ya beseni, toa mikono polepole bila kufumba viganja. Usipapase kutafuta kipande. Mimina maji kwa taratibu juu ya chujio au kitambaa mpaka uone chini, kisha ondoa vipande kwa koleo. Vijiko na sahani zilizokuwa humo zisuuzwe moja moja, na sponji itupwe. Kinga yake ni rahisi: glasi zioshwe kwanza na peke yake, zisichanganywe na sufuria.

*Chupa ya chai.* Ile yenye kioo ndani ni chupa mbili nyembamba sana zilizoungwa mdomoni, katikati hewa imetolewa, na kuta zake zimepakwa rangi ya fedha. Ndiyo sababu ikipasuka hulipuka kwa ndani na kuwa vipande vidogo kama maganda, huku kasha la plastiki au bati likibaki zima kabisa kwa nje. Hatari ni kwamba mtu anaweza kumimina chai bila kujua. Chupa ikianguka au ikigongwa, itikise taratibu. Ikilia mchakacho, ndani kumevunjika. Chai yote imwagwe. Usiichuje, maana vipande vingine ni vyembamba kuliko matundu ya chujio. Fungulia kitako nje ya nyumba juu ya gazeti, na kama kasha ni zima, maduka mengi ya vyombo huuza kioo cha ndani peke yake.

*Chakula.* Pilau ikiwa wazi mezani na glasi ikavunjika kando yake, pilau hiyo haina tena mwenyewe. Najua inauma. Lakini punje ya wali iliyolowa mafuta na chenga ya kioo huwezi kuzitofautisha kwa jicho, na sukari au chumvi ndiyo kabisa. Usichekeche sukari, usioshe mboga zilizochambuliwa. Kilichokuwa kimefunikwa vizuri, futa mfuniko kwa karatasi bichi kabla ya kuufunua. Mabaki nayo usiwape mbwa wala kuku.

*Friza.* Chupa ya soda iliyosahauliwa hupasuka kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Vipande hubaki vimeshikwa na barafu. Usivichokonoe kwa kisu. Chomoa waya, acha barafu iyeyuke kwenye trei, kisha futa kwa karatasi.

*Mfuniko wa sufuria na meza ya kioo.* Hivi mara nyingi ni kioo kilichokazwa kwa joto. Hakipasuki vipande virefu. Humwagika chote kwa pamoja kuwa punje nyingi zenye kingo butu kidogo, na kinaweza kupasuka hata saa kadhaa baada ya kugongwa, kwa sababu kina mvutano ndani yake. Subiri milio ya kupasuka ikome kabla ya kusogea. Punje ni nyingi na huenda mbali, lakini kwa mkono wenye glavu ni rahisi kuziokota. Usidanganyike tu kwamba hazikati kabisa.

*Globu iliyovunjikia kwenye holda.* Zima swichi kuu ya nyumba. Swichi ya ukutani haitoshi, kwa sababu fundi aliyefunga nyaya anaweza kuwa amezigeuza. Tandika gazeti chini, vaa miwani kama unayo, shika kitako cha globu kwa plaizi yenye mpini wa plastiki. Kama ni ya pini mbili, sukuma ndani kidogo kisha zungusha kushoto. Kama ni ya nati, zungusha kushoto tu. Wapo wanaotumia nusu ya kiazi. Kiazi kina maji, na maji yatabaki kwenye holda unayotaka kuiwasha baada ya dakika kumi. Plaizi ni bora.

*Enaji seva na taa za mche (zile ndefu za bomba).* Hapa kioo ni shida ndogo, kubwa ni zebaki iliyomo, miligramu chache tu lakini hupanda hewani. Zima feni, fungua madirisha, watu wote watoke kwa dakika kama kumi, kisha ndiyo urudi. Usifagie kabisa. Sukuma kwa boksi, malizia na selotepu na karatasi bichi, vyote vitie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, kama ile ya jemu. Chupa hiyo ikae nje ya nyumba mpaka ipate pa kupelekwa. Uliza ofisi ya afya ya manispaa. Taa hizi zinaondoka taratibu: nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa Japani mwaka 2013, zilikubaliana mwaka 2022 kwamba enaji seva za kawaida za majumbani zisitengenezwe wala kuingizwa baada ya 2025. Taa za LED hazina zebaki, basi ikivunjika hiyo fuata hatua za kawaida.

Kipimajoto cha kioo chenye zebaki ni jambo zito zaidi, maana kina karibu nusu gramu hadi gramu moja, mara mia ya iliyomo kwenye taa. Vua pete na bangili za dhahabu kwanza: zebaki hushikana na dhahabu, na ndiyo sababu wachimbaji wadogo huitumia machimboni. Vitone visukumane kwa kadi ngumu mpaka viwe kitone kimoja, vikinge kwa kadi nyingine, vitie kwenye chupa yenye maji kidogo na uifunge. Kamwe usivimwage kwenye sinki.

*Kioo cha dirisha.* Kilichopata ufa bila kuanguka, kibandike selotepu pande zote mbili kwa alama ya X na mistari ya kukatiza, ili kikija kuanguka kiwe kimeshikana. Kukitoa, anza na vipande vya juu ushuke chini. Ukianza chini, vya juu vinakushukia mikononi. Puti iliyokauka, ile inayoshika kioo kwenye fremu, usiing'oe kwa kuvuta kioo. Ilainishe au uichonge kwanza. Dirisha la ghorofani ni kazi ya fundi, na chini mtu asimame azuie wapita njia.

Mtu akikatika

Mketishe. Aliyekanyaga kioo asitembee kwenda bombani, kila hatua inakizamisha.

Kipande kidogo kinachoonekana, kivute kwa kibanio kilichooshwa, kwa mwelekeo uleule kilioingilia. Osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, dakika kadhaa, kisha bonyeza kwa kitambaa safi dakika kumi kamili bila kuchungulia. Kila ukichungulia unang'oa damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake.

Kipande kikubwa kilichozama usikitoe. Huenda ndicho kinachoziba mshipa. Sokota kanga itengeneze kata, kama ile ya kubebea ndoo kichwani, izungushe kipande ili kisibonyezwe, funga juu ya kata, nenda hospitali. Nenda pia kama damu inaruka kwa mapigo, kama kidole hakikunji au kimekufa ganzi, kama jeraha limefunuka, au kama unahisi kuna kitu ndani hata baada ya kuosha. Mwambie daktari waziwazi kwamba ni kioo: vipande vingi vya kioo huonekana kwenye picha ya eksirei, tofauti na mwiba wa mti.

Uliza na chanjo ya pepopunda. Wanawake wengi huipata wakiwa wajawazito. Wanaume wengi hawajaigusa tangu utotoni. Kwa jeraha lenye uchafu, ikiwa imepita miaka 5 tangu chanjo ya mwisho, inarudiwa. Jeraha lisipakwe tumbaku, kahawa, mafuta ya taa wala dawa ya meno, hata kama bibi amesisitiza. Mpe bibi heshima yake na jeraha maji na sabuni.

Jichoni: usisugue, suuza kwa maji safi, funika bila kubana, hospitali. Aliyemeza kipande asitapishwe. Apelekwe akachunguzwe, na haraka zaidi akiwa na maumivu ya tumbo au akitapika damu.

Kutupa

Kopo lako sasa lina vioo, maboksi, donge na tambara. Lifunge kifuniko kwa selotepu. Kama ni boksi, zungushia magazeti tabaka kadhaa kwanza. Ule mfuko wa plastiki wa kubebea, ambao Kenya iliupiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania bara mwaka 2019, haukuwahi kufaa kwa kazi hii hata ulipokuwa halali. Kioo huutoboa kabla haujafika getini. Kiroba nacho peke yake hakitoshi. Andika juu kwa kalamu nene: VIOO, HATARI.

Mahali pa kutokutupa ni pengi kuliko pa kutupa. Usichome moto: chupa hupasuka na kurusha vipande, na kilichobaki kinapakwa masizi kisionekane kwenye majivu ambayo jirani atayaomba kusugulia sufuria. Usitupe kwenye shimo la mbolea wala migombani, kuna siku mtu atalima hapo peku. Usitupe chooni kwa kisingizio kwamba choo cha shimo hakina mwisho. Kina mwisho, na kikijaa huja watu kukitapisha, wengine wakiingia shimoni kwa miguu yao, wale ambao Dar es Salaam huitwa vyura. Na kuvipanda juu ya ukuta wa nyumba, ninaona wengi bado wanafanya. Saruji ikipata nyufa za mvua, vipande huangukia upande wa nje wanakochezea watoto wa mtaa, na mwizi ametupia gunia juu ya ukuta akapita.

Chupa za soda na bia zilizovunjika zina soko mahali penye wanunuzi wa vioo chakavu, maana viwanda vya chupa, kama Kioo Limited cha Dar es Salaam, huviyeyusha upya. Ila visichanganywe. Kioo cha dirisha, bakuli la kuhimili moto na globu vina viambato tofauti, huyeyuka kwa joto tofauti, na vikiingia kwenye rundo la chupa huharibu mzigo wote. Weka makopo mawili.

Visivyo na mnunuzi vitasubiri gari la taka. Usilichimbie kopo ndani ya kiroba cha maganda, kwa sababu mzoa taka hukumbatia kiroba kifuani na kukitupa juu. Liweke kando, na siku ya gari umpe mkononi, umwambie: "Kaka, hili ni la vioo." Kama hupo saa hiyo, lining'inize getini maandishi yakitazama njia.